Bafu Lisilo na Paa

Kuna miaka ambayo harusi ya Rongo au Oyugis haikuhesabiwa kuwa imekamilika mpaka droni ipae. Kwaya ilikatiza wimbo, watoto walimwagika uwanjani shingo zikiwa zimepinda, na wazee waliokuwa wakisinzia chini ya hema walisogeza viti ili waone vizuri. Aliyeirusha alikuwa kijana wa Migori mjini, aliyeanza kazi kwa kupiga picha za pasipoti karibu na stendi ya matatu. Siku hizo maswali aliyoulizwa yalikuwa mawili: ni pesa ngapi, na betri inakaa dakika ngapi.

Siku hizi, kabla hajafungua begi, anaulizwa jambo jingine: unataka kuona nini?

Ajabu ni kwamba katika miaka ile ya kushangiliwa, karibu kila droni iliyopaa juu ya harusi ilipaa kinyume cha amri. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, ilitangaza kwamba hakuna ruhusa ya kurusha droni bila idhini ya Wizara ya Ulinzi. Nchi ilikuwa bado na jeraha la shambulio la kigaidi la Westgate, Nairobi, la Septemba 2013, na serikali ilikiogopa chombo chochote cha angani kisichokuwa na rubani ndani yake. Kanuni za kwanza zilichapishwa mwaka 2017, Bunge la Taifa likazibatilisha mwaka uliofuata, na zile zinazotumika zikaja Machi 2020. Kwa hiyo huyu kijana na wenzake walijifunza ufundi wao katika kipindi ambacho sheria ilikuwa kali kwenye karatasi na haionekani Nyanza Kusini. Hawakusumbuliwa na askari. Waliokuja kuwasumbua ni majirani, na walikuwa na sababu.

Katika boma nyingi za Nyatike, Uriri, Ndhiwa na Suba, bafu ni kuta nne za mabati makuukuu au magunia yaliyoshonwa, jiwe bapa la kusimamia, msumari wa kutundikia taulo, na mbingu juu. Paa halina kazi pale. Jua hukausha sakafu, na tangu zamani hakuna jirani aliyepita juu. Urefu wa ukuta ulipimwa kwa kimo cha mtu anayetembea njiani. Hata ua wa minyaa unaozunguka boma, lango lake, na desturi ya mgeni kupiga hodi akiwa mbali, vyote vilipangwa kwa macho yanayotoka pembeni.

Mahali pa kuliona jambo hilo vizuri ni Thimlich Ohinga, kilomita 46 hivi kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Kuta zake za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji zimesimama tangu karne ya 16 hivi, na kuna sehemu zinazopita kimo cha watu wawili. UNESCO iliyaingiza makazi hayo ya kale katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Malango yake ni mafupi, anayeingia lazima ainame, na aliyeinama hawezi kupigana. Lakini picha moja kutoka juu huonyesha kila kitu mara moja: mazizi, viwanja vya nyumba, njia za ndani. Ulinzi wote ule, uliowagharimu watu jasho la miaka, hauna la kusema kwa mgeni wa angani.

Mpiga picha alilielewa hilo Ndhiwa, kwenye mazishi. Familia ilimwajiri arekodi msafara wa jeneza kutoka barabarani hadi nyumbani, na ili kuupata wote droni ilizunguka juu ya shamba la jirani. Jioni, watu wakiwa wanakula, nyanya mmoja alimfuata alipokuwa akipanga betri.

"Kijana wangu, hiyo kitu yako ilikuwa inatafuta nini kwangu?"

Alimwonyesha video kwenye simu ili amtulize. Msafara ulikuwa mzuri, mrefu, nguo nyeupe za kwaya zikimeta. Lakini kwenye kona ya picha, kwa sekunde chache, likapita bafu la mabati. Kutoka juu lilionekana lote: beseni la bluu, kipande cha sabuni juu ya jiwe, kanga imeanikwa ukutani. Ndani hapakuwa na mtu. Nyanya aliirudisha video mwenyewe kwa kidole, akatazama tena.

"Basi ungenikuta," alisema.

Kijana alikifuta kipande kile mbele yake. Akaulizwa kama sasa kimetoka kabisa, na hapo ndipo maelezo yalipokuwa marefu, kwa sababu nakala ilikuwa kwenye kadi ya droni, nyingine kwenye simu, na mpwa wa marehemu alikuwa ameshaomba yake kwa WhatsApp.

Kando ya Ziwa Victoria mambo yalikuwa yale yale kwa sura nyingine. Ufuoni Mbita na Sindo wanawake huosha vyombo, hufua na kuoga, na kila ufuo una upande unaojulikana kuwa ni wao bila kibao chochote. Wavuvi nao waliona droni wakafikiri ni maafisa wa uvuvi wanaosaka makokoro, zile nyavu za kukokotwa zilizopigwa marufuku. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Osiri na Macalder, wachimbaji walidhani ni kampuni inayopima ardhi ili iwafukuze. Hakuna kati yao aliyemfikiria kijana anayetafuta picha nzuri ya jua linapozama.

Kisha mashine zikawa ndogo na rahisi. Phantom ya kwanza ya kampuni ya DJI, iliyotoka mwaka 2013, ilikuwa mzigo wa kubebwa kwenye sanduku. Mavic Mini ya mwaka 2019 ilikuwa na gramu 249 na iliingia kwenye mfuko wa koti. Ilipofika kampeni za 2022, kila mwanasiasa alitaka umati wake uonekane kutoka juu, na vijana wengi wakanunua au kukodi mashine bila kufundishwa na mtu. Wengine waliendelea kuzirusha baada ya mikutano, juu ya mabweni, juu ya nyua za watu. Sifa mbaya haikuchagua. Mpiga picha wa harusi na mtoto wa mtaani anayejaribu mashine ya kukodi wakawa mtu mmoja machoni pa watu.

Kanuni za 2020 zinaeleweka vizuri hata na asiyesoma sheria. Droni isajiliwe KCAA. Isipande zaidi ya futi 400, yaani mita 120 hivi. Ikae angalau mita 50 kutoka kwa watu na majengo yasiyohusika. Ikae mbali na viwanja vya ndege, kilomita 10 kwa vikubwa na 7 kwa vidogo, jambo linalowagusa wanaoishi karibu na Kabunde kule Homa Bay au Lichota hapa Migori. Na isitumike kumchunguza mtu, au mali yake, bila ridhaa. Nyuma ya hayo kuna Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinacholinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kibali hutoka Nairobi. Nyanya wa Ndhiwa hana namba ya kupiga huko ili aseme kuna kitu juu ya bafu lake.

Kwingine duniani watu wamejibu kwa ukali zaidi. Julai 2015, mkazi wa Hillview, Kentucky, aliitungua droni kwa bunduki akidai imepita juu ya nyumba yake mabinti zake wakiwa nje. Mwenye droni alisema alikuwa juu zaidi ya hapo. Oktoba hakimu akafuta mashtaka. Desemba 2018 uwanja wa Gatwick karibu na London ulivurugika kwa siku mbili kwa sababu ya droni zilizosemekana kuonekana, na abiria kama 140,000 wakaathirika. Polisi waliwakamata mume na mke, mume akiwa mpenzi wa ndege za mfano, wakawaachilia bila mashtaka, na mwaka 2020 wakakubali kuwalipa jumla ya pauni 200,000, fidia pamoja na gharama za mawakili. Hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa tukio lile.

Nyanza pia kuna droni zisizomkera mtu. Droni za kampuni ya Zipline hurushwa kutoka Chemelil, kaunti ya Kisumu, zikipeleka dawa na chanjo kwenye vituo vya afya. Zinapita, na mzigo unashuka kwa parachuti mahali panapojulikana. Watu wanajua zinakotoka, zinakokwenda na zimebeba nini.

Mpiga picha ameiga hilo kadiri anavyoweza. Siku moja kabla ya shughuli humtafuta mzee wa mtaa, au kamati ya ufuo ikiwa ni kando ya ziwa, kisha hupita boma kwa boma akitaja saa ya kurusha na kuonyesha upande ambao mashine itapita. Huvaa kizibao chenye rangi kali ili aonekane anaposimama. Kwenye kotesheni yake ameongeza mstari wa gharama ya kutembelea majirani, na huo ndio mstari ambao wateja huubishia kuliko yote. Juzi bwana harusi mmoja wa Awendo alitaka ukatwe. Majirani wote, alisema, si watakuwa pale pale kwenye harusi?

Hao hawana shida, kijana akamjibu. Anaowafuata ni wale ambao hawakualikwa.