Ngoma Iliyolowa

Kyela ni nchi ya maji. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka nyanda za juu zikamwagika katika Ziwa Nyasa, na ifikapo Aprili na Mei mito hiyo hukumbuka njia zake za zamani, ikapita majumbani mwa watu. Mpunga hustahimili maji kwa kiasi chake. Ngoma haistahimili. Ngozi ya ng'ombe iliyolala katika tope hulegea, hunuka, kisha huachana na mti wake. Na mti nao, ukianikwa juani kwa pupa, hupasuka.

Maji yakishapungua huhesabiwa nyumba, ekari na madaraja. Ngoma haimo katika hesabu. Mwenye nayo mwenyewe huona haya kuitaja mbele ya jirani aliyepoteza chakula cha mwaka mzima.

Si kwamba nchi haijapata kuifikiria sanaa. Mwaka 1998 serikali za Tanzania na Uswidi zilishirikiana kuunda Mfuko wa Utamaduni, uliotoa ruzuku kwa vikundi na watu binafsi. Tuzo ya Zeze ilitoka humo. Miaka hiyo ilipita. Mfuko ulipofufuliwa, mwaka 2022, ulikuja na mikopo ipitiayo benki. Halmashauri nazo zina asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Nayo ni mikopo, isiyo na riba, iliyosimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya.

Mkopo si kitu kibaya. Ng'ambo ya Matema, huko Ikombe, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu na kuvileta kwa mitumbwi katika soko la Lyulilo. Chungu kikivunjika, hufinyangwa kingine; kikiuzwa, deni hulipika. Lakini ngoma ya Kinyakyusa makao yake makuu ni msibani. Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alieleza jinsi vijana walivyocheza kwa nguvu penye maziko, jambo lililowashangaza wageni waliozoea huzuni ya kimya. Mpiga ngoma msibani hatoi stakabadhi.

Mzee mmoja wa bonde hilo alipelekwa na wenzake kuomba msaada baada ya mafuriko. Kijana aliyemjazia fomu alifika mahali akasita.

"Baba, hapa wanauliza chanzo cha mapato. Tuandike nini?"

"Andika msiba, mwanangu."

"Msiba si mapato, baba."

"Ndaga. Basi pawe wazi."

Pakabaki wazi, na fomu haikurudi.

Vikundi vinavyojua kuijaza fomu hujifunza kusema lugha yake: hushona sare, husajiliwa, hucheza kwenye mikutano na mbele ya watalii. Wapo wanaowacheka, na si haki. Mganda unaochezwa katika pwani za ziwa hilo nao una damu ya beni, iliyoanzia Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 na kusambaa bara pamoja na askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Sare na gwaride vilikuwamo tangu mwanzo. Tofauti ni kwamba beni ilitafuta watazamaji, ilhali ngoma ya msiba hutafuta wafiwa.

Wasomaji wa visiwani hawahitaji maelezo marefu kuhusu ukata: Sauti za Busara haikufanyika 2016 kwa kukosa fedha. Ila tamasha likikosekana, magazeti huandika, na wafadhili husoma. Ngoma ya kijiji ikinyamaza husikika na wale waliofiwa wiki ile tu.

Na kinachohitajika si kikubwa: ngozi mbili tatu, gogo lililokauka, ujira wa fundi, na dari iliyoinuliwa juu ya kimo cha maji, kabla ya masika. Hizo ni fedha za kutoa, hazina njia ya kurudi. Ofisi inayoona aibu kuziita ruzuku itazidi kukopesha wafinyanzi na kuwaacha wapiga ngoma.

Kijiji cha yule mzee siku hizi huazima. Mtu akifa, vijana wawili huvuka mto kwa mtumbwi, hurejea na ngoma ya watu wengine imefunikwa turubai, na waliokaa matangani hungoja ng'ambo hadi isikike.