Tabora, Njia Panda ya Taifa

Mgeni akiuliza aanzie wapi kuifahamu Tanzania, wengi humwelekeza Bagamoyo, Kilwa au Butiama, na hawakosei. Mimi humwambia apande treni aende Tabora.

Apande treni hasa, ile ya reli ya zamani, kwa sababu Tabora huingiwa vizuri kwa mwendo wa pole. Baada ya Dodoma nchi hufunguka ikawa tambarare, halafu kidogo kidogo miombo huanza kuizingira njia, mpaka pande zote mbili ni msitu tu, na mizinga ya nyuki ikining'inia juu ya miti. Zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, ndipo stesheni ya Tabora inapotokea. Reli ilifika hapa mwaka 1912, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Baadaye, mwaka 1928, tawi la Mwanza likakamilika. Hivyo kila aliyekuwa akisafiri kwa treni kati ya pwani, Kigoma na Mwanza alilazimika kupita hapa, akashuka, akanyoosha miguu, akabadilisha behewa.

Jukwaa la stesheni lenyewe ni darasa. Simama pale treni inapoingia usikilize. Kuna anayeaga kwa Kiha, kuna anayegombeza watoto kwa Kisukuma, kuna kijana wa Mpanda anayepiga simu kwa Kifipa. Wakigeukiana, wote wanasema Kiswahili. Akina mama wanapita na asali kwenye chupa, karanga, na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa juani. Mama niliyenunua kwake alinisalimu, "Mwangaluka." Nilipomwitikia kwa salamu hiyohiyo alicheka, akaniongeza konzi moja ya karanga, kisha akaniuliza kwa Kiswahili safi kabila langu. Nikamjibu. "Basi wewe ni mtani wangu," akasema, na hapo hapo akaanza kunitania mbele ya wateja wake kana kwamba tulikua pamoja.

Utani ule una historia ndefu kuliko reli. Kabla ya Wajerumani, kabla ya wapelelezi Burton na Speke waliofika mwaka 1857, Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani kwa miguu na pembe za ndovu, wakirudi na nguo na shanga. Pagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushee, na juu yake mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Safari ilichukua miezi. Msafara ulipita katika nchi za Wagogo, Wakaguru, Wakwere na Wazaramo, na mtu aliyeugua njiani alihitaji wa kumpa maji, aliyefariki alihitaji wa kumzika. Watu waliofanyiana hayo walijenga udugu ambao leo tunauita utani, na mpaka sasa Mzaramo na Mnyamwezi wakikutana msibani hawaombani radhi kwa maneno yao. Kwa hiyo ninaposikia kwamba umoja wa nchi hii ulianza na vyama vya siasa, huwa nakumbuka wapagazi. Mabega yao ndiyo yaliyoleta Kiswahili huku, na ndiyo yaliyokivusha hadi Katanga, alikokwenda Msiri na watu wake kuasisi ufalme wa Bunkeya.

Ila njia hiyohiyo ilipitisha watumwa. Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha biashara hiyo, na mji usifichwe uso kwa sababu tunaupenda. Miembe mikubwa ambayo wenyeji wanaihusisha na njia ya misafara ina vivuli vizuri sana. Chini ya vivuli kama hivyo walipumzishwa pia watu waliofungwa minyororo.

Ukiwa mjini, tafuta bodaboda ikupeleke Kwihara, kilomita chache tu kusini magharibi. Barabara ni ya vumbi jekundu, kati ya mashamba ya mahindi na nyumba za matofali. Pale ndipo lilipo tembe ambalo watu wote huliita la mpelelezi Livingstone: nyumba ndefu ya udongo, kuta nene, paa bapa la udongo uliotandazwa juu ya boriti, na mlango wa mbao uliochongwa kwa nakshi za pwani. Weka mkono wako kwenye ule mlango. Nakshi zake zingefaa nyumba ya Unguja, ilhali ukuta unaoushika ni wa Kinyamwezi kabisa, ukuta wa tembe kama yalivyojengwa kote Unyamwezi na Ugogo. Sijaona mahali pengine panapoonyesha kwa uwazi namna hiyo jinsi pwani na bara zilivyoungana. Ndani ni baridi hata saa nane mchana. Kuna ramani, picha na nakala za barua.

Henry Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871 kabla ya kwenda Ujiji, akajiunga na Waarabu kupigana na Mtemi Mirambo, wakashindwa. Mwaka uliofuata alirudi hapa pamoja na Livingstone, akamwacha, naye Livingstone akangoja wapagazi kutoka pwani mpaka Agosti 1872. Hayo ndiyo utakayoelezwa kwanza. Mimi nilimwomba aliyenitembeza anieleze ya Oktoba 1873, na macho yake yakang'aa, maana ni habari ambayo wageni hawaiulizi.

Livingstone alikuwa amefariki mwezi Mei kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Waliokuwa naye, wakiwamo Susi, Chuma na Jacob Wainwright, waliuzika moyo wake pale chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaanza kuubeba kuelekea baharini. Walipofika Kwihara walimkuta Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akawashauri wamzike hapahapa, kwani njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Wakakataa. Walikuwa wamekwisha kuamua wenyewe kwamba mzee atarudishwa kwao, na ushauri wa mzungu haukuwabadilisha. Februari 1874 wakaufikisha mwili Bagamoyo, wakaukabidhi, na wengi wao wakalipwa ujira wao wakatawanyika.

Nilikaa kwenye kizingiti cha lile tembe nikafikiri juu ya mashauri yale. Humu au jirani na humu, watu waliotoka makabila na nchi mbalimbali, Waislamu na Wakristo, waliozungumza wao kwa wao kwa Kiswahili, walikaa wakajadiliana, wakamkatalia mwenye madaraka kwa adabu, wakaendelea na kazi. Hilo ni tendo la kiungwana na la kisiasa pia. Ingekuwa haki jina la nyumba lichukue nafasi ya pili, na majina ya wapagazi yaandikwe kwa herufi kubwa mlangoni.

Mirambo mwenyewe ni wa magharibi ya mji, Urambo, alikotawala hadi alipofariki mwaka 1884. Na karibu zaidi kuna kumbukumbu ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyewapinga Wajerumani na, ngome yake ilipoingiwa Januari 1893, akaiwasha baruti asikamatwe akiwa mzima. Wajerumani wakajenga boma lao. Mwaka 1916, walipokatiwa njia ya bahari na vita, wakapiga mjini humu sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, na mwezi Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakauteka mji. Boma linabaki, ila watoto wa Tabora hawaitwi kwa majina ya waliolijenga. Iko Shule ya Sekondari Milambo, yenye jina la Mirambo, na kijana aliyesoma pale atakuambia "mimi wa Milambo" kwa majivuno yaleyale ambayo askari wa mtemi wangeyatumia.

Shule ndizo zilizoipa Tabora heshima yake ya pili. Tabora Boys, Tabora Girls, Milambo, Kazima, Uyui: taja majina hayo katika ofisi yoyote ya serikali Dodoma na mtu atainua kichwa. Kongwe na yenye habari ndefu kuliko zote ni Tabora Boys. Waingereza waliianzisha miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa watemi na machifu, wakaijengea taratibu za shule za bweni za kwao: viranja, mabweni yanayoshindana, michezo, nidhamu ya kengele. Nia yao haikuwa siri. Walitaka kupata watawala wa kienyeji walionyooka, watakaokusanya kodi na kuandika ripoti kwa Kiingereza kizuri.

Mwaka 1937 akaletwa kijana kutoka shule ya Mwisenge, Musoma, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Wazanaki ni kabila dogo. Katika bweni la Tabora Julius Nyerere alilala safu moja na watoto wa makabila makubwa na madogo kutoka kila pembe ya Tanganyika, wakila chungu kimoja na kuogopa kengele moja. Humu pia alipita Abdallah Fundikira, wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe wenyewe. Alipita Oscar Kambona. Baadaye alipita Rashidi Kawawa. Nyerere alimaliza mwaka 1942, akaenda Makerere, kisha akarudi Tabora kufundisha katika shule ya St. Mary's kuanzia 1946 mpaka alipoondoka kwenda Edinburgh mwaka 1949. Hivyo mji huu ulimpata akiwa mwanafunzi, ukampata tena akiwa mwalimu, na jina la Mwalimu lilianzia kwenye chaki ya hapa.

Mtaala wa Waingereza ulimfundisha wafalme wao na washairi wao. Naye hakuvitupa. Aliichukua tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, akaitafsiri kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1963. Mwaka huohuo serikali yake ikafuta utawala wa machifu. Shule iliyoanzishwa ili kulea machifu ndiyo iliyowalea walioufuta uchifu, na Fundikira, mtemi mwenyewe, alikuwa miongoni mwa mawaziri wa kwanza wa nchi huru. Nafikiri sababu ni lile bweni. Mtoto wa mtemi akishakaa miaka minne na watoto wa watemi hamsini, hawezi tena kuamini kwamba ukoo wake ndio kitovu cha dunia. Ndiyo maana baada ya uhuru nchi iliendelea kumtoa mtoto wa Kagera kumpeleka Songea, na wa Mtwara kumleta Tabora. Wazazi wa leo wanaotaka kila mtoto asome karibu na nyumbani wana hoja zao za nauli na usalama, na ninazielewa. Hata hivyo tukiliacha bweni la kitaifa life, tutakuwa tumekifunga kiwanda kilichotutengeneza.

Kisha upo mkutano wa Januari 1958. TANU, chama cha Nyerere, ilikutana Tabora kujadili uchaguzi ambao wakoloni waliuwekea sharti la kura tatu: kila mpiga kura ampigie Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na mpiga kura mwenyewe awe na kipato au elimu ya kiwango fulani. Ilikuwa dharau ya wazi. Wajumbe wengi walikuja wamekwisha kuamua kususia. Nyerere aliwaomba waingie humohumo, washinde kwa masharti ya adui, kisha wayabomoe masharti wakiwa ndani. Walibishana kwa siku kadhaa mpaka wakakubali, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akajitoa na kuanzisha chama chake cha ANC. TANU ikaingia, ikawaunga mkono Waafrika na pia watu kama Amir Jamal na Derek Bryceson, ikashinda. Desemba 9, 1961 bendera ikapanda.

Matokeo ya mjadala ule hayakuishia kwenye viti vya Baraza la Kutunga Sheria. Chama kilichokwenda kumwombea kura Mwasia na Mzungu majumbani kwa Waafrika kilishavuka mto. Oktoba 1961 bungeni, hoja ilipoletwa kwamba uraia wa Tanganyika ufuate rangi ya ngozi, Nyerere aliipinga kwa nguvu zake zote, na ikashindwa. Ninapoulizwa Utanzania ulipatia wapi tabia yake ya kutouliza rangi ya mtu kwanza, najibu kwamba ulifanyiwa mazoezi Tabora.

Sasa somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia katika mtaala mpya, tena linafundishwa kwa Kiswahili. Ni hatua njema mno. Lakini vitabu peke yake havitoshi, na mji upo, haujabomoka. Njia ya misafara, Kwihara ikiwa kituo chake kimojawapo, iko kwenye orodha ya maeneo ambayo Tanzania imeyapendekeza kwa UNESCO tangu mwaka 2006, na siku niliyofika kwenye tembe kitabu cha wageni kilikuwa na majina mengi zaidi ya Wazungu kuliko ya wanafunzi wetu.

Mwalimu wa historia unayesoma haya, safari ya mwaka ujao usiipeleke kwenye hoteli yenye bwawa. Wapeleke vijana Tabora, msimu wa maembe ukiwezekana. Wapeleke kwa treni, walale mabehewani, wasikilize lugha za abiria. Kwihara wasimulie habari ya Oktoba 1873, na Tabora Boys uombe ruhusa wayaone mabweni. Nauli ya daraja la tatu wazazi wengi wanaimudu wakiambiwa mapema.