Baba alikodisha mikarafuu, mimi nikaenda kuchoma vifuu

Leo naomba nijibu swali moja kwa mkupuo, maana nimechoka kulijibu kila harusi ninayokwenda: "Hivi wewe ulikuwa unasomea nini huko bara miaka yote ile?"

Nikisema kemia, watu wa kwetu Pemba wanaelewa moja kati ya mawili. Ama nitakuwa mwalimu, ama nipo maabara napima watu. Na siwalaumu. Kwetu ukitaja maabara mtu anafikiria ile ya Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, ya mambo ya kichocho na minyoo. Mimi sikupima mtu. Mimi nilikuwa nachoma vifuu vya nazi.

Ndiyo, vifuu, hivi hivi tunavyotupa uani. Fani yenyewe ni kemia ya kutengeneza vitu: unachukua malighafi, unaibadilisha umbo la ndani mpaka ifanye kazi ambayo haikuwa ikifanya. Kifuu ukikichoma bila hewa kinakuwa mkaa. Mkaa huo ukiuchanganya na potashi na kuurudisha kwenye tanuri, unatoboka vitundu vidogo mno, jicho halivioni. Gramu moja ya mkaa mzuri wa namna hiyo, kuta zote za vitundu vyake ukizikunjua, inaweza kupita mita za mraba 1,000. Yaani gramu 8 tu, kijiko kimoja cha chakula hivi, ni uwanja mzima wa mpira. Fikiria Gombani umeikunja ukaitia kwenye kijiko. Uchafu wa kwenye maji unanasa humo.

Kundi letu tulikuwa saba na tanuri moja. Hebu piga picha. Karatasi ya zamu imebandikwa mlangoni, na zamu za mchana wanachukua wanaokaribia kumaliza. Mgeni anapewa usiku. Tanuri linapanda joto taratibu, linakaa masaa, linashuka taratibu, na ukilikimbiza umeharibu. Gesi ya naitrojeni ikiisha katikati hewa inaingia, na asubuhi unakuta majivu. Kuna wiki nimechoma mara nne nikapata majivu mara nne. Msoto wa kweli.

Lakini watu wenyewe sasa! Kulikuwa na dada mmoja, tumwite Dada Mkubwa, anasomea udaktari wa falsafa huku ana mtoto wa miezi minane nyumbani. Saa nne anajifungia ofisini kukamua maziwa, saa nne na nusu yuko kwenye mizani anapima miligramu, mkono hautetemeki. Kulikuwa na kaka wa Mbeya, Mkristo safi, ambaye Ramadhani nzima alikuwa ananishikia zamu yangu na kunigongea mlango magharibi ikifika. Tunafuturu kwenye korido, tende na chipsi mayai, kwa sababu ndani ya maabara hakuliwi kitu. Urojo niliuota tu.

Halafu Prof. Mtu wa maneno machache hasa. Unampelekea jibu zuri, anauliza, "Mara ngapi?" Ukisema moja, anasema, "Rudia." Basi. Jibu lililotokea mara moja kwake ni umbea. Nyumbani nimewahadithia mpaka wadogo zangu sasa hivi mtu akipika wali ukaungua wanapiga kelele: rudia!

Siku mkaa wangu ulipokubali tuliutia kwenye maji ya methilini bluu, ile buluu ambayo ikikugusa kidole unalala nayo. Tukatikisa, tukachuja. Maji yakatoka meupe. Dada Mkubwa akapiga kigelegele, korido nzima ikachungulia. Prof akaja, akashika chupa, akaitazama kwenye dirisha. Mnajua alichosema. Nikarudia mara tatu, meupe mara tatu. Vitundu vyenyewe ilibidi tukavipime nje ya nchi, mashine hiyo hatukuwa nayo, tukasubiri miezi.

Makala ikatoka kwenye jarida, jina langu la pili. Nikampigia baba. Akauliza, "Wamekupa shilingi ngapi, mwanangu?" Nikamwambia, baba, makala hailipwi. Akanyamaza. Kisha akasema, "Alhamdulillahi," ile ya mtu anayefunga mazungumzo.

Hapa ndipo penye kidonda. Ili mimi niende, baba alikodisha mikarafuu 20 ya kwenye eka tatu za babu, misimu miwili. Watu wengine wakachuma, sisi tukawa tunatazama. Kaka yangu hajasahau. Siku ya Idi, mbele ya wageni, akasema, "Ile hela ilikuwa bodaboda yangu. Leo tungekuwa mbali." Sikumjibu pale, kwa heshima ya baba. Namjibu hapa.

Kaka, unakumbuka lile jino? Daktari alikuzibia kwa muda kwa kitu kinachonuka karafuu, ukarudi unasema kama umekula pilau. Ule ni unga wa oksidi ya zinki umechanganywa na yujenoli. Na yujenoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, pamoja na yale yanayotoka kiwanda cha makonyo hapo Wawi. Vikikutana vinashikana, vinakuwa vigumu kama saruji ndani ya jino. Aliyegundua kuwa vinashikana hakupanda mkarafuu hata mmoja. Sisi tunauza konyo na mafuta, wenzetu wanauza kichupa.

Na usiseme hayo ni ya Wazungu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanakemia wamechukua mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayounguza mikono ya wabanguaji, wakayatumia kama kalibu ya kutengenezea silika. Unaichoma kalibu, palipokuwa na mafuta panabaki tundu. Dokta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alichanganya mchanga na chembechembe za nano akatengeneza chujio la maji ya kunywa. Mwaka 2015 likampa tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi kutoka Uingereza, pauni 25,000. Kampuni akaiita Gongali, jina la kijiji chake. Huyo naye kuna mtu kijijini alimuuliza anasomea nini, nina hakika.

Dada Mkubwa alitetea tasnifu yake, mtoto ameshaanza kukimbia, akaingia mpaka mbele ya wakaguzi kumfuata mama. Kaka wa Mbeya yuko kiwanda cha rangi. Mimi mezani nilikuwa na barua mbili: ya kufundisha sekondari hapa hapa kisiwani, na ya kwenda kusoma zaidi nje. Dada Mkubwa kanipigia, "Nenda, usijifikirie." Baba hakusema neno, na kunyamaza kwake nakujua. Nimekubali ya nje. Naondoka Septemba. Mikarafuu imesharudi mikononi mwake, msimu huu anachuma mwenyewe.

Kaka ameapa hatonipeleka bandarini Mkoani kwa bodaboda kwa sababu, kwa maneno yake, bodaboda yenyewe niliichoma kwenye tanuri. Lakini jana nimemkuta uani anaokota vifuu anatia kwenye gunia. Nikamuuliza, vya nini? Hakunyanyua hata uso.

"Si umesema lazima urudie?"