Inuka Kwanza, Mwanangu

Mkunazini, Unguja

Mwanangu,

Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi, ila goti langu na ngazi za nyumba hii havipatani. Ujumbe wako umenifika. Unasema mwanao ameshatimiza miaka 10, juzuu ya Amma anayo yote kifuani, lakini sala mpaka afokewe. Unataka nikutafutie chuo chenye maalim mkali huku Unguja, umlete. Sitakutafutia.

Nilipokuja Kariakoo nilishinda dukani kwako, kwenye kile kigoda karibu na magunia ya mchele. Alasiri ilipoadhiniwa ulimwambia mtoto, "Nenda kasali!" nawe ukaendelea kuhesabu pesa. Alikwenda na kurudi mimi sijamaliza kutafuta viatu vyangu. Halafu simu ikalia. Ukaitazama, ukampa yeye: "Mwambie baba katoka." Akasema, tena kwa ufasaha, wala sauti haikumtetemeka. Somo hilo hakuhitaji kufokewa. Mtume (s.a.w.) alipata kumsikia mama akimwita mwanawe, aje ampe kitu. Akamuuliza alikusudia kumpa nini. Tende, akajibu. Akaambiwa kwamba lau asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Hiyo ni tende, mwanangu. Wewe ulikuwa unamkimbia mtu anayekudai.

Sikwambii usimuamrishe. Kumuamrisha mtoto sala tangu ana miaka 7 ni katika mafundisho yetu, na baba asiyeamrisha naye ana lake la kujibu. Ila amri peke yake ina mwisho wake, na hapo nataka urudie kisa cha Hudaibiya, wewe uipendaye sira.

Mwaka wa 6 Hijria, Waislamu wapata 1,400 walitoka Madina na wanyama wao wa kuchinja, wakitaka umra. Makureshi wakawazuia. Mkataba ukaandikwa, na masharti yake yaliwauma masahaba: warudi mwaka ule bila kuiona Kaaba, na atakayekimbia Makka kuja kwao bila ruhusa ya walii wake arejeshwe. Mtume akawaambia wainuke wachinje, wanyoe. Hakuinuka mtu. Akasema mara tatu. Kimya. Na hawa si watoto wa Kariakoo, hawa ni watu waliokwisha kumpa mkono chini ya mti kwamba wako tayari kufa.

Akaingia hemani kwa mkewe Ummu Salama, akamweleza. Yule bibi akamshauri atoke, asiseme na mtu hata neno moja, achinje ngamia wake, amwite kinyozi wake anyolewe. (Wanaume hukisimulia kisa hiki vizuri sana, ila shauri lilitoka kwa nani wakati mwingine hulipita mbio.) Akatoka, akafanya hivyo hivyo. Walipomuona wakainuka wote, wakachinja, wakanyoana, wakisongamana kwa majonzi hadi wakakaribia kuumizana.

Mimi ninachokishika hapo ni ule ushauri wa kutosema. Neno lilikwishasemwa mara tatu, na halikuwa na kasoro. Waliokuwa wamekaa walihitaji kumuona aliyewaamrisha akiwa wa kwanza kulibeba lile jambo zito. Wewe kwa mwanao umeshapita mara tatu kwa mbali.

Najua utaniuliza: nikisali ili mtoto anione, si ndiyo riya hiyo? Ndiyo, hiyo ni riya, na watoto huinusa upesi kuliko watu wazima. Kwa hiyo sali kwa kuwa wakati umeingia. Teremsha mlango wa duka nusu, mwambie mteja asubiri, nenda msikitini. Usimwite, wala usigeuke kutazama kama anakufuata. Sunna zako zisalie nyumbani, kama tulivyohimizwa, hapo hapo sebuleni wanapopita watu wa nyumbani. Malik bin Huwairith na vijana wenzake walikaa kwa Mtume kama siku 20, na walipoaga waliambiwa wakasali kama walivyomuona yeye akisali. Walikuwa wamemuona, kwa sababu walikaa naye. Wewe mwanao anakaa nawe miaka 10.

Usitegemee ya Hudaibiya, ya papo kwa papo. Huenda mwaka mzima ukapita hajageuka, ukatamani kurudi kwenye kufoka. Vumilia. Siku akija mwenyewe kusimama ubavuni mwako, usimsifu mbele ya wageni, utamharibia.

Kuna la maalim anayemsomesha jioni. Mkeo hakunambia kitu, ila mimi si mgeni wa nyumba: najua ujira wake umelala. Mlipe kabla ya Ijumaa, kijana awepo asiwepo. Na yule wa kwenye simu mpigie mwenyewe, umpe siku. Kama pesa hazitimii, niambie, nina akiba kidogo ya karafuu.

Mkeo msalimie sana. Hotipoti yake ninayo, itakuja na boti ya Jumamosi.

Wassalaam,
Shangazi yako