Ile Ampu ya Staa Haikuwa Feki, Niliwalisha Matango Pori

Mnakumbuka ule ubuyu niliowamwagia kuhusu msanii mmoja mkubwa hapa Dar, jina kapuni, kwamba fundi wa Kariakoo kampiga hela kwa ampu feki? Komenti zenu zilikuwa moto. Mpaka kuna waliotaja chochoro lenye ofisi ya huyo fundi. Leo nawaambia ukweli: mzee wa watu hakuiba kitu.

Turudi nyuma kidogo. Jamaa alialika watu nyumbani kwake wasikilize albamu yake kabla haijatoka, na mimi nikapenya. Sebuleni kuna ampu ya valvu, yaani zile za vioo vinavyowaka rangi ya chungwa kama kibatari. Ukizima taa za ndani inapendeza kinoma, kila mtu alipiga nayo picha. Pembeni spika mbili nyembamba, ndefu kunizidi mimi. Wimbo wa kwanza ukaanza na besi ikawa imelegea kama chapati ya jana. Jamaa akaongeza sauti, ikaanza kukwaruza. Watu wakaangaliana, mmoja akacheka, na mwenye nyumba akasema kwa hasira, "Huyu fundi kaniuzia feki." Mimi kabla sijafika kwangu nilishaposti.

Wiki mbili baadaye roho ikaanza kunisuta, maana nilisikia wateja wanapita pale kwa mzee hawaingii. Nikaenda. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho kwenye kazi yake. Nikajitambulisha kwamba mimi ndiye niliyeandika. Akanyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Kaa hapo kijana. Ulipoandika, ulisoma nyuma ya spika?"

Sikusoma. Hata ningesoma nisingeelewa, maana fizikia ya fomu foo tulipishana mlangoni.

Mzee akanifundisha pale pale kwenye benchi. Kila spika ina ukinzani wake, unapimwa kwa omu. Omu zikishuka, spika inavuta umeme mwingi zaidi kutoka kwenye ampu. Sasa valvu zenyewe zina volti nyingi lakini mkondo mdogo, ndiyo maana katikati kuna transfoma ya kubadilisha hiyo nguvu iendane na spika. Kwa nyuma kuna sehemu za kufungia waya, zimeandikwa 4 na 8. Mzee alikuwa amefunga kwenye 8 kwa sababu spika alizompa staa zilikuwa za omu 8. Staa akaja kununua nyingine kwa mtandao, kisa zinaonekana za kibosi, akahamisha waya mwenyewe bila kuuliza mtu.

Zile mpya zimeandikwa omu 4. Lakini hiyo namba ni ya jumla tu, omu za spika hupanda na kushuka kadiri sauti inavyotoka kwenye besi kwenda juu. Siku tuliyokwenda wote kwa staa (ndiyo, tulikwenda, na nilitangulia kuomba radhi) mzee alipima kwa resista ya omu 10, mita, na mlio wa besi kutoka kwenye simu uliopitia ampu ndogo. Kwenye besi spika ilishuka mpaka omu 2 na kidogo! Ukiifunga hiyo kwenye 8, valvu zinakutana na mzigo wa karibu robo tu ya ule zilioandaliwa. Hapo lazima zikwame.

Na ampu yenyewe ni ya valvu za 300B, moja kila upande, kama wati 8 hivi. Tukahamisha waya kwenda 4, ikapata nafuu, lakini besi bado ikawa ya kuombea. Spika zile ni nzito kusukuma, wati 1 inazipa desibeli 84 tu. Za zamani zinatoa 95. Tofauti hiyo maana yake unahitaji wati zaidi ya 12 ili ufikie sauti ambayo zile za zamani zinaipata kwa wati 1. Utazitoa wapi na wati 8?

Nyumbani nikazama gugo usiku kucha. Kumbe hata Marekani miaka ya 1980 kulikuwa na spika zinaitwa Apogee Scintilla, omu 1, zilizowatoa watu jasho. Waliozimudu walitumia maampu makubwa ya transista, siyo valvu.

Mzee akazima kila kitu kwanza, maana ampu ya valvu haiwashwi bila spika, transfoma inaweza kuungua, na humo ndani kuna mamia ya volti. Akarudisha zile spika za zamani, zilikuwa stoo zimefunikwa shuka. Akawasha. Wimbo ule ule, ampu ile ile. Staa alikaa chini kimya, baadaye akasema tu, "Mzee, nisamehe."

Mimi mzee hajaniambia kama kanisamehe. Posti ya mwanzo nimeifuta ila picha zake bado zinazunguka kwenye magrupu. Mliotaja lile chochoro, rudini kwenye komenti mseme kitu.