Lenzi Mbili na Shimo la Jirani

Wakati wa masika wanafunzi wangu wengi walishikwa na homa ya malaria. Nami, pasipo kuchunguza, nikawaambia kwamba mbu hutoka katika shimo la maji machafu la mzee mmoja, jirani wa shule yetu hapa Kariakoo. Watoto wakalipeleka neno nyumbani, na wazazi wakamwendea mzee kwa ukali. Hata jioni akanijia, akauliza, “Mwalimu, mbu hao umewaona, au umesikia tu?” Nikakosa jibu.

Alama ya kuwapambanua inajulikana. Viluwiluwi wa anofelesi, yaani mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Wale wa kuleksi huning'inia kichwa chini, wakipumua kwa mrija ulioko mkiani. Lakini mdudu mwenyewe hazidi punje ya mchele, wala macho yangu si ya ujana. Basi nikachota maji ya shimo katika gilasi, nikatwaa kamera yangu yenye lenzi ya milimita 50. Nilipoisogelea gilasi, picha ikawa ukungu. Niliporudi nyuma, kiluwiluwi akawa kitone cha wino.

Nikaenda kwa kijana muuza kamera. Akaniamkia, akachukua rula. Kumbe lenzi yangu haioni sawasawa kitu kilicho karibu kuliko sentimita 45, na umbali huo haupimwi toka kioo cha mbele, kama nilivyodhani miaka yote, bali toka ndani ya kamera, pale picha inapotua. Alama yake ni kiduara kilichokatwa kwa mstari, juu ya kamera. Nami nalidhani ni pambo! Kwa umbali ule kitu cha milimita 7 hutua ndani kikiwa na milimita 1 tu.

Akatoa lenzi ya makro ya milimita 100. Hiyo hukaribia mpaka sentimita 30 hivi, na kitu cha milimita 7 hutua kikiwa na milimita 7 zile zile. Nikauliza, “Je, mbali haioni?” Akacheka, akaielekeza Mtaa wa Msimbazi, na basi la mwendokasi likaonekana safi kabisa. Ubaya wake ni kwamba kwa karibu sana sehemu iliyo safi ina kina cha milimita moja na kitu, hata ukilibana tundu la mwanga. Ukipumua tu, mdudu amepotea. Ziko na pete za kutia kati ya lenzi ya kawaida na kamera. Hizo ni za bei nafuu, lakini zikiwapo, vitu vya mbali havionekani tena.

Bei ya makro ilipita mshahara wangu, nikaikodi siku moja.

Viluwiluwi wa mzee wote walining'inia kichwa chini. Ni kuleksi, msumbufu wa usiku na mchukuzi wa matende, lakini malaria si yake. Kisha nikachota maji ya mvua yaliyotuama juani, nyuma ya darasa langu mwenyewe. Hao walilala sambamba.

Nikamwendea mzee na picha zote mbili. “Shikamoo, mzee wangu.” Akazitazama kitambo, akauliza ya pili imetoka wapi. Nikamwambia. Asubuhi wanafunzi walinikuta na jembe nikikifukia kile kidimbwi, na mzee amesimama ukutani, akinionyesha mahali palipobaki maji.