Baba aliikataa ndoto ya binti, sababu hakuisema

Fomu ya kuchagua tahasusi ilikaa mezani siku tatu, kando ya chupa ya chai. Binti wa kidato cha nne, anayeishi na wazazi wake Nkuhungu, Dodoma, alikuwa ameandika PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Baba yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alitaka ECA: uchumi, biashara na uhasibu, ili siku moja binti ashike duka.

Siku ya tatu baba akalegeza kamba. "Haya, PCB si mbaya. Utakuwa daktari."

"Hapana, baba. Nataka kusomea viumbe vya baharini, niwe mzamiaji wa utafiti, halafu niombe kazi ya kwenda anga za juu."

Kaka zake wakaangua kicheko. Baba naye akacheka. "Mwanangu, hapa maji ya bomba tunayapata kwa zamu, wewe unataka bahari? Huko hakuna ajira." Akaisukuma fomu pembeni.

Mama hakucheka. Usiku ule alimwita binti jikoni, akamwambia amweleze vizuri. Binti akatoa simu na kumsomea habari za Jessica Meir, Mmarekani aliyezaliwa Caribou, mji mdogo ulio mbali na pwani. Huyo mama alisomea baiolojia ya bahari, akazamia chini ya barafu huko Antaktika akichunguza jinsi pengwini wanavyoweza kukaa majini muda mrefu bila kuvuta pumzi. Mwaka 2002 aliishi siku kadhaa katika maabara iliyo chini ya bahari huko Florida, ambako wanaanga walikuwa wakifanyia mazoezi. Mwaka 2009 aliomba uanaanga, akafika hatua za mwisho na kukosa. Aliomba tena, akachaguliwa mwaka 2013. Oktoba 18, 2019 yeye na Christina Koch walitoka nje ya kituo cha anga za juu, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa wanawake wawili kufanya kazi hiyo bila mwanamume.

"Bahari na anga vinahusiana nini?" mama aliuliza.

Binti alieleza kwa mfano wa soda. Mzamiaji akiwa chini, mwili wake hunyonya naitrojeni nyingi kutoka kwenye hewa anayovuta. Akipanda haraka, naitrojeni hiyo hutoka kama povu la soda iliyofunguliwa ghafla, na inaweza kumlemaza au kumuua. Ndiyo maana aliyezama mara kadhaa hushauriwa kungoja saa 18 hivi kabla ya kupanda ndege au kwenda sehemu za juu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo mtu akizama Dar es Salaam mchana, hafai kupanda treni ya SGR jioni ileile kurudi nyumbani. Mwanaanga naye, kabla ya kutoka nje ya chombo, huvuta oksijeni tupu kwanza ili kuondoa naitrojeni hiyohiyo mwilini.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba yako hana ugomvi na anga. Ugomvi wake ni maji."

Ndipo binti aliposimuliwa habari za baba yake mdogo. Alikuwa na miaka 17 alipokwenda na kaka yake kuvua perege bwawa la Mtera. Mtumbwi ulipinduka. Mmoja alishika ubao, mwingine hakuonekana hadi kesho yake. Tangu hapo, basi la Iringa likipita juu ya lile bwawa, baba huvuta pazia la dirisha. Watoto wake wote wamekua bila kuruhusiwa kusogelea maji ya kina.

Asubuhi binti alimkuta baba uani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba mdogo alijua kuogelea?"

Baba aliweka kikombe chini. Alikaa kimya muda mrefu. "Hakujua. Wala mimi sikujua. Hakuna aliyetufundisha."

"Basi mimi nifundishwe, baba."

Hapakuwa na kicheko safari hii. Baba aliuliza maswali ya mfanyabiashara: shule iko wapi, kazi ni zipi? Binti alikuwa amejiandaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sayansi za viumbe vya majini na uvuvi, na Taasisi yake ya Sayansi za Bahari iko Zanzibar. Wakala wa mafunzo ya uvuvi, FETA, ana kampasi Mbegani, Bagamoyo, na Nyegezi, Mwanza. Hata anga si mbali kama wanavyodhani: Desemba 12, 1970 setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa lililosimama baharini, karibu na Malindi, Kenya.

"Na usipofika huko juu?"

"Nitakuwa mtafiti wa bahari, baba. Hiyo nayo ni kazi."

Baba alisaini fomu, PCB ikabaki. Jumamosi iliyofuata alimpeleka binti kwenye bwawa la hoteli moja mjini, akalipia mwalimu. Maji yalimfika binti kifuani tu, lakini baba alikaa kwenye kiti cha plastiki ukingoni, viatu amevua, saa nzima bila kugusa simu.

Wazazi wengi husema "hakuna ajira" pale wanapotaka kusema "naogopa". Mtoto anaweza kubishana na habari ya ajira miaka na miaka. Hofu, ikitajwa kwa jina, inaweza kutafutiwa mwalimu.